Kenge na Kata ya Kwanza

Paukwa!

*Pakawa!*

Mbona mnaitika kama mliomeza unga mkavu? Tena. Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa mtungi na kata, mwenye kiu asikose!*

Haya, sasa mmeitika kama watu. Anayetaka kusinzia asinzie, lakini wimbo ukifika aamke. Mimi siimbi peke yangu, koo langu silo la kukodi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Chumvini. Watu wa Chumvini walipika chumvi. Walichota maji ya chumvi kwenye mkondo, wakayamimina katika makarai mapana, wakayachemsha kutwa nzima mpaka maji yakaondoka na chumvi ikabaki. Hiyo ndiyo kazi waliyoijua, nyingine hawakuwa nayo.

Sasa mpika chumvi ana adui mmoja tu. Nani? Unyevu. Unyevu ukiingia ghalani, kazi ya mwezi mzima inageuka tope. Kwa hiyo watu wa Chumvini walipenda kila kitu kiwe kikavu. Kuni kavu. Samaki mkavu. Sakafu kavu. Mtoto wao akitoka kuoga, walimfuta mpaka akalia.

Lakini walikuwa na desturi moja, nayo ishikeni vizuri, mbele tutaihitaji. Kupika chumvi kunakausha koo. Kwa hiyo kila mahali pa kazi palitundikwa karai bovu. Mtu akizidiwa na kiu, huligonga mara tatu: ngwa! ngwa! ngwa! Hapo kila aliye karibu huacha kazi, huteka maji kwa kata na kukimbilia kwenye mlio. Na aliyegonga ndiye anayekunywa kata ya kwanza, awe mkubwa, awe mdogo, awe jumbe, awe mpita njia. Hakuna aliyewahi kuivunja desturi hiyo.

Katika kijiji hicho aliishi Bwana Mwinchande, mwenye ghala kubwa kuliko yote. Ghala hilo alilirithi kwa babu yake. Babu alikuwa mrefu, na karai la ghalani alilitundika juu kabisa, kwenye boriti, pamoja na chungu chake cha zamani. Mwinchande mwenyewe alikuwa mfupi. Hata akisimama, ungemwambia, "Karibu, simama."

Na humo ghalani aliishi Panya. Panya hali chumvi, lakini anakula kanda la chumvi, ule mfuko wa ukili. Alitafuna kanda hili, akatoboa lile, chumvi ikamwagika sakafuni, ikachanganyika na mavumbi na mambo mengine ya panya ambayo siyataji mbele ya watu wanaokula.

Mwinchande akaweka mtego. Panya akauruka. Mwinchande akaleta paka. Paka akala samaki, akalala. Akaenda mwenyewe na fimbo. Akajipiga mguu.

Siku moja alikwenda mtoni kutazama mtego wake wa samaki, akamkuta Kenge amenasa ndani. Kenge mkubwa, mkia kama mjeledi, kucha kama sindano.

Mwinchande akafurahi. "Kenge, wewe huli panya?"

"Nawala sana," Kenge akasema. "Nitoe, bwana, nirudi majini."

"Nitakutoa, lakini utakuja kwangu. Utanilindia ghala."

"Bwana, mimi ni wa mtoni."

"Na mimi ndiye mwenye kamba."

Basi, mwenye kamba na mwenye shingo, nani hushinda? Kenge akaburutwa mpaka ghalani, akafungwa kwenye nguzo. Siku za mwanzo alifanya kazi kweli. Panya akitoa pua tundoni, mkia wa Kenge unalia, pwaa! Panya anarudisha pua. Ghala likatulia. Mwinchande akatembea kijijini akitunisha kifua, akisema, "Nyie mna paka, mimi nina kenge!"

Lakini siku zilipita, na Kenge akaanza kukauka. Akaimba. Haya, amkeni, mniitikie, "Maji, bwana, maji!"

*Mwinchande, Mwinchande,*
*Maji, bwana, maji!*
*Kamba fupi, mto mbali,*
*Maji, bwana, maji!*
*Ulimi mkavu, ngozi kavu,*
*Maji, bwana, maji!*

Mwinchande akasikia. Akaleta maji katika kifuu cha nazi, akakiweka chini. "Haya, kunywa."

Kenge akatumbukiza pua, maji yakaisha. Akasema, "Bwana Mwinchande, ahsante, lakini hiki ni cha kuloweshea ulimi. Sisi kenge hatunywi kwa mdomo tu, tunaingia majini mwili mzima. Niletee beseni nitakaloenea mimi na mkia wangu."

Mwinchande akakuna kichwa. Maji ghalani? Akasema, "Ngoja nimwulize babu."

Maana Mwinchande alikuwa na tabia hiyo. Akishindwa na jambo, alisimama chini ya kile chungu cha babu na kukiuliza. Kilikuwa hakijamjibu hata siku moja. Lakini siku hiyo Panya alikuwa amejificha ndani ya chungu. Alisikia yote, akaona bahati imemjia kwa miguu yake. Akaikoromesha sauti, na chungu kikaikuza.

"Mjukuu wanguuu!"

Mwinchande akapiga magoti. "Labeka, babu!"

"Kenge akilowa hulalaaa. Kenge mkavu ndiye mkaliii."

"Nimesikia, babu." Na beseni halikuletwa.

Siku zikapita. Kenge alitaka kujivua gamba, gamba halikutoka. Likamshika vidoleni na kwenye ncha ya mkia, likambana kama pete ya mtoto kwenye kidole cha mtu mzima. Akaimba. Haya!

*Mwinchande, Mwinchande,*
*Maji, bwana, maji!*
*Kamba fupi, mto mbali,*
*Maji, bwana, maji!*

Mwinchande akaja. Kenge akasema, "Tazama vidole vyangu, bwana. Kama beseni ni zito, basi nimwagie maji hapa kwenye udongo karibu na ukuta. Nitachimba shimo bichi, nilale humo, ngozi ipate unyevu, gamba litoke. Shimo tu, bwana."

Mwinchande akatazama vidole, akaona huruma kidogo. Akaenda chini ya chungu.

"Mjukuu wanguuu! Ukimwaga maji ghalani, chumvi itayeyukaaa. Akichimba shimo, atatorokaaa!"

"Nimesikia, babu." Na udongo ukabaki mgumu kama kigae.

Mara ya tatu, macho ya Kenge yalikuwa yameingia ndani. Ngozi ya ubavuni ukiivuta, inabaki imesimama, hairudi. Aliimba kwa sauti iliyokwaruza. Mwinchande alipokuja, Kenge akasema, "Bwana, kila siku unaniletea dagaa wakavu. Dagaa waliotiwa chumvi, ndani ya ghala la chumvi! Nimeomba beseni nimekosa. Nimeomba shimo nimekosa. Basi nipe chakula kibichi chenye maji yake ndani. Yai. Samaki wa leo. Nisife tu."

Mkewe Mwinchande, Bi Mize, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mume wangu, mpe. Huyu mnyama ana kiu."

"Ngoja nimwulize babu."

"Babu yako alikata roho akiomba maji, mimi mwenyewe nilimnywesha kwa kijiko. Leo ndiye akataze maji?"

"Bi Mize, haya ni mambo ya ukoo."

Akaenda chini ya chungu. Panya huko juu alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko, lakini akajikaza.

"Mjukuu wanguuu! Anayepewa kibichi huota kibuuuri. Hata kile kifuu, kimwageee. Na nyimbo zake zisisikilizweee!"

Mwinchande akakimwaga kifuu. Kisha akatoka akawatangazia watu wote: "Jamani, mkisikia wimbo ghalani kwangu, ni yule kenge na ukorofi wake. Asije mtu akafungua mlango. Mlango ni wangu, kenge ni wangu."

Watu wakasema, "Haya, bwana, mali yako."

Nanyi mmewahi kusikia watu wakisema kwamba kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni? Wamemsingizia. Katika ghala lile Kenge alisikia kila kitu. Asiyesikia alikuwa mwenye kamba.

Sasa Kenge akawa hawezi hata kuinua mkia. Panya akashuka kwenye boriti mchana kweupe, akampita puani, akamsalimu, "Hujambo, mlinzi?" Akatafuna makanda kumi. Alipochoka na makanda akatoka nje, akatafuna ugwe, ile kamba nyembamba iliyokuwa ikilishikilia komeo la mlango lisijiangukie. Bure tu, meno yalikuwa yanamwasha. Kisha akarudi chunguni kwake.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Kijiji kizima kilikuwa kwenye makarai. Mwinchande akaingia ghalani kuhesabu makanda yake. Akaona chumvi imemwagika huku na huku. Akapiga kelele, "Kenge! Hii ndiyo kazi niliyokuwekea?" Upepo ukausukuma mlango. Mlango ukajibamiza, ba! Komeo, ambalo halikuwa na ugwe tena, likaanguka mahali pake kwa nje, ko!

Mwinchande akasukuma. Mlango haukutikisika. Akapiga bega. Bega likauma. Akapiga kelele, "Nifungulieni!" Lakini moto wa makarai ulikuwa unavuma na maji yanatokota. Nani asikie?

Akaita mpaka sauti ikaisha. Joto likapanda. Vumbi la chumvi likamwingia puani, mdomoni, kooni. Akalamba midomo. Chumvi. Akajipangusa jasho. Chumvi. Akatazama kile kifuu. Kikavu, na aliyekikausha ni yeye.

Ikabaki sauti ndogo yenye mikwaruzo, na maneno aliyoyazoea masikio yake yakamtoka yenyewe. Haya, mwitikieni na huyu:

*Jamani ee, jamani,*
*Maji, bwana, maji!*
*Mlango mzito, mto mbali,*
*Maji, bwana, maji!*
*Ulimi mkavu, koo kavu,*
*Maji, bwana, maji!*

Nje walipita vijana wawili na mizigo ya kuni. Mmoja akasema, "Sikia, mtu anaimba."

Mwenzake akasema, "Ni kenge wa Mwinchande. Tumeambiwa tusimsikilize." Wakapita.

Wakapita wanawake watatu na ndoo. Wakasema, "Leo huyo kenge kazidi." Wakapita.

Akapita Bi Mize mwenyewe. Akasimama. Mwinchande ndani akaona kivuli cha miguu ya mkewe chini ya mlango. Akaimba kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote zilikuwa mkwaruzo tu. Bi Mize akaweka mkono kwenye komeo. Kisha akapumua, akasema, "Maskini Kenge. Ningekufungulia, lakini mume wangu atasema nimevunja neno la babu." Kivuli kikaondoka.

Hapo Mwinchande akakaa chini, akalia. Machozi yakaingia mdomoni. Nayo yana chumvi, mnajua.

Kenge akafumbua jicho moja. "Bwana Mwinchande."

"Naam."

"Kiu ina ladha gani?"

"Ya chumvi," Mwinchande akasema. "Kenge, tutakufa humu."

"Mimi nilianza zamani. Wewe umefika leo." Kenge akautazama udongo wa karibu na ukuta, akasema, "Lile shimo nililoomba, ningekuwa nimeshalichimba mpaka nje. Tungetoka wote. Sasa udongo ni kigae, na kucha zangu zimebanwa."

Mwinchande akainamisha kichwa. Safari hii babu hakuulizwa.

"Lakini nimefungwa hapa siku nyingi," Kenge akasema. "Kila siku nawasikia mkigonga makarai huko nje. Ngwa, ngwa, ngwa, na watu wanakimbia na maji. Mimi nabaki namezea mate, na mate yenyewe hamna. Tazama juu."

Mwinchande akatazama juu. Kwenye boriti, karai la babu. Akaruka. Hakulifikia. Akapanda juu ya chumvi iliyomwagika. Chumvi ikaserereka, akaporomoka nayo. Akalitupia kifuu. Kifuu kikapita pembeni, kikagonga ukuta, kikapasuka.

"Nifungue kamba," Kenge akasema.

Mwinchande akaifungua. Kenge akapanda nguzo. Vidole vilivyobanwa na gamba havikushika, akaanguka, pu! Akapanda tena. Akafika katikati, akaanguka, pu! Akalala chini, anahema.

Mwinchande akamwinua, akamweka begani. Ngozi ya Kenge ilimkwaruza shingo kama gome la mti. "Panda sasa, ndugu yangu," akasema. Mnasikia? Jana alikuwa kenge wangu, leo ni ndugu yangu. Kiu inafundisha adabu upesi.

Kutoka begani Kenge akafika kwenye boriti. Akauvuta mkia nyuma.

Ngwa!

Chungu cha babu kikatikisika.

Ngwa!

Chungu kikasogea ukingoni.

Ngwa!

Chungu kikaanguka, kikapasuka vipande vipande miguuni pa Mwinchande. Na katikati ya vigae akasimama Panya, kizunguzungu kimemshika, hajui yuko wapi. Akamwona Mwinchande, akaanza kwa mazoea: "Mjukuu wanguuu..."

Kisha akajisikia mwenyewe. Sauti bila chungu ilikuwa nyembamba kama uzi.

Mwinchande akamtazama. "Kumbe babu ndiye wewe?"

Panya akapiga mbio nyuma ya makanda.

Nje, kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Nyimbo waliambiwa wasizisikilize. Lakini karai? Karai likigongwa Chumvini, hakuna anayeuliza mlango ni wa nani. Wakaacha moto, wakateka maji, wakaja mbio, kata mikononi, maji yanamwagika njiani. Wakainua komeo.

Bi Mize ndiye aliyetangulia. Akamwona mumewe mweupe kwa chumvi kuanzia nyusi mpaka kucha. "Yarabi! Kumbe ulikuwa wewe!" Akampa kata.

Mwinchande akaipokea kwa mikono miwili. Maji ya kisimani, baridi, yanayumba ndani ya kata. Midomo ikagusa ukingo. Koo likajifungua lenyewe.

Akasimama hivyo, hakunywa. Watu wakamtazama.

"Aliyegonga si mimi," akasema.

Akapiga magoti, akaiweka kata mbele ya Kenge, aliyekuwa ameshuka na kulala chini. Kenge akatumbukiza pua, akanyanyua kichwa, akameza. Kata ya kwanza ikaisha. Wakampa ya pili. Wakammwagia ya tatu mgongoni, akafumba macho kama mtu aliyeitwa jina lake na mama yake. Ndipo Mwinchande akanywa, na alikunywa akilia.

Watu wakaangaliana. Mzee mmoja akasema, "Kumbe Kenge naye ni mtu wa kazi. Amegonga, amekunywa kwanza. Atakayemnyima maji sasa, ametunyima sote."

Kenge, maji yalipomwingia, akageuza kichwa polepole kuelekea kwenye makanda. "Bwana Mwinchande," akasema, "lile ombi langu la tatu, la chakula kibichi chenye maji yake ndani, usijisumbue tena."

Pwaa! Na hadithi ya Panya ikaishia hapo. Alikuwa mbichi, nasikia, wala hakuwa na chumvi nyingi.

Jioni ile ile Mwinchande alianza kazi. Nje ya ghala, kivulini, akalaza beseni pana la udongo, Kenge akaingia mzima na mkia wake akaukunja humo. Karibu na ukuta akalainisha udongo, akaumwagilia asubuhi na jioni, Kenge akachimba shimo lake. Kila siku akaletewa yai au samaki wa siku hiyo. Na kila siku Mwinchande alimwaga maji ya beseni na kutia mengine, maana Kenge ana tabia yake: akiingia tu majini, haja zake zote anazikumbuka. Mwinchande alisugua beseni hilo kwa mkono wake, na hakulalamika.

Siku ya saba gamba likatoka. Vidole vyote vikawa huru, mkia ukang'aa. Kamba haikurudi shingoni. Njia ya mtoni aliijua, na aliweza kwenda. Alikwenda siku nyingine, akarudi, kwa sababu maji yalikuwako huku na panya walikuwako huku. Na chumvi ghalani? Kavu, kama kawaida. Haikuyeyuka hata punje.

Basi jueni, wanangu: ukimfunga kiumbe kamba, umemwondoa kwenye mto wake, kwa hiyo mto wake sasa ni wewe. Usipompa maji, usiseme ni mkorofi. Na usimpe ya kulowesha ulimi tu, mpe ya kumtosha yeye alivyo.

Na tangu siku hiyo, watu wa Chumvini mtu wao asiposikia hawasemi, "Una masikio ya kenge." Wanasema, "Una masikio ya Mwinchande."

Hadithi yangu imekauka hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imezidi chumvi, niachieni mwenyewe.

Haya, mbona mnanitazama? Nimegonga kigoda mara tatu. Kata iko wapi?